Vespa ya Zamani, Mfuko Mdogo: Maswali na Majibu kwa Mtahiniwa wa Ufundi wa Vyombo vya Moto

Kwa mtahiniwa

Maswali haya yanahusu Vespa PX 150, mashine ya mipigo miwili yenye gia nne za mkononi, ambayo bado inakatiza vichochoro vya Mji Mkongwe na barabara za Ng'ambo. Najua visiwani kila skuta huitwa vespa, hata ile ya mkanda isiyo na gia. Hiyo haimo humu, na ukimjibu mtahini kwa kuifikiria hiyo, umeanguka.

Funika jibu kwa karatasi, jijibu kwa sauti, kisha ufunue. Alama za kwenye mabano zinakuonesha uzito wa swali. Shika hili tangu mwanzo: mteja wa mfuko mdogo hanunuliwi kitu mpaka mashine yenyewe imeonesha kwamba inakihitaji. Mtahini hupima hilo kuliko anavyopima majina ya spea.

SEHEMU A: BODI NA KUTU

Swali la 1. Vespa inatofautianaje kimuundo na pikipiki ya kawaida, na tofauti hiyo inamgusaje fundi? (alama 4)

Jibu. Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, na kila kitu kimefungwa juu yake. Vespa haina fremu. Bati lake lililokandamizwa na kuungwa ndilo bodi, na ndilo chesisi. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio wa kampuni ya Piaggio ya Italia, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na Vespa ya kwanza ilitoka mwaka 1946. Familia ya PX ilikuja baadaye, mwaka 1977, lakini mpango ni uleule.

Pili, injini, gia na gurudumu la nyuma ni kitu kimoja. Hakuna cheni wala sprocketi za kununua kila mara. Hapo mwenye Vespa anaokoa fedha. Anazipoteza kwenye kutu, kwa kuwa tundu la kutu sakafuni ni tundu kwenye chesisi.

Swali la 2. Mteja wa pwani analeta Vespa iliyopakwa rangi upya. Utakagua kutu wapi, na kwa nini usiiamini rangi? (alama 6)

Jibu. Inua zulia la mpira la sakafuni, kama lipo. Maji ya chumvi hulala chini ya mpira huo, na hapo ndipo bati hufa kwanza. Ingia chini kwa tochi, tazama mihimili inayoshika sakafu, halafu mahali stendi ilipofungwa. Toa tangi la mafuta ukague ndani ya shimo lake. Ondoa vifuniko vya pembeni, ukague bati karibu na shokapu ya nyuma. Mwisho, shika usukani na usikilize shingo.

Chukua bisbisi, ugonge taratibu kwa mpini wake. Bati zima hulia. Penye puti pana mshindo mfu, kama unagonga ukuta wa udongo. Sumaku nayo inasaidia: haishiki penye puti nene. Puti si matengenezo. Imefunika tundu tu, na chini yake kutu inaendelea kula.

Tiba ya bei nafuu ni kukata bati lililooza, kuunga jipya, kupaka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, na kuzibua matundu ya kutolea maji. Tangi hutolewa na kuwekwa mbali kabla ya kuchomelea. Mtahiniwa asiyelitaja tangi hupoteza alama mbili papo hapo, na ni haki yake azipoteze.

Swali la 3. Je, inafaa kupaka oili chafu chini ya bodi kuzuia kutu? (alama 2)

Jibu. Inasaidia kidogo ndani ya mihimili iliyofungwa, lakini hukamata vumbi, huchafua mikono, na ikifika kwenye breki au tairi ni hatari. Grisi au nta maalumu ni bora zaidi. Kuosha kwa maji baridi ya bomba baada ya kupita ufukweni ni bora kuliko vyote, na hakuna gharama.

SEHEMU B: MAFUTA NA OILI

Swali la 4. Tangi lina petroli ya lita 3 iliyokwisha kuchanganywa. Mteja anaongeza lita 5. Uwiano ni asilimia 2. Ataweka oili kiasi gani? (alama 3)

Jibu. Asilimia 2 ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Lita zilizoongezwa ni 5, kwa hiyo:

5 × 20 = mililita 100.

Mtego ni zile lita 3. Ukipiga hesabu ya lita 8 utapata 160, na utakuwa umechanganya mara mbili. Soma swali hadi mwisho.

Swali la 5. Kwa nini injini hii haiwezi kwenda kwa petroli tupu, wakati bodaboda inakwenda? (alama 3)

Jibu. Bodaboda nyingi ni za mipigo minne, oili yao inakaa chini ya injini na kuzungushwa. Katika mipigo miwili, mchanganyiko wa petroli na hewa hupita kwanza kwenye chumba cha krenki kabla ya kupanda juu ya pistoni. Oili iliyochanganywa humo ndiyo inayolainisha beringi za krenki, konrodi na ukuta wa silinda. Ikikosekana, pistoni inavimba kwa joto na kukamata. Baadhi ya PX zina pampu ya oili na tangi lake la pembeni. Mwenye hizo hachanganyi kwa mkono, lakini akisahau kujaza tangi hilo yanamfika yaleyale.

Wanaoazimana vyombo ndio huharibu zaidi. Ndugu anachukua Vespa ya kaka yake, mafuta yanamwishia shamba, ananunua petroli ya chupa na kumimina. Fundi mwema huandika kwa rangi karibu na mfuniko wa tangi: CHANGANYA.

Swali la 6. Kweli au si kweli, kwa sababu: "Ukizidisha oili kwenye petroli, unailinda injini zaidi." (alama 4)

Jibu. Si kweli. Hili linawashinda hata mafundi wa miaka mingi. Jeti ya kabureta hupitisha kiasi kilekile cha kimiminika. Oili ikizidi humo, petroli imepungua, na hewa ni ileile. Mchanganyiko unakuwa na petroli haba na injini inachemka zaidi. Juu ya hayo plagi inalowa, na ekzosi inaziba kwa masizi.

Oili ya gari, ile ya 20W-50, nayo si mbadala. Haikutengenezwa ili iungue, na huacha majivu juu ya pistoni. Nunua oili ya mipigo miwili, na kwenye kopo tafuta alama ya JASO FC au FD. Hizo zina moshi kidogo na masizi kidogo. Mfuko ukibana, bana kwingine. Hapa usibane.

Swali la 7. Oili ya gia ni ipi, kiasi gani, na kosa la kawaida ni lipi? (alama 3)

Jibu. SAE 30, mililita 250 hivi. Imwage injini ikiwa ya moto ili itoke na uchafu wake. Kosa la kawaida ni kununua oili ya bei kubwa ya magari ya kisasa kwa kudhani ghali ndiyo nzuri. Klachi ya PX inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya gia, na oili zenye dawa za kupunguza msuguano huifanya iteleze. SAE 30 ya kawaida ni rahisi, na ndiyo sahihi.

SEHEMU C: INJINI INASEMA NINI

Swali la 8. Eleza namna ya kuisoma plagi. (alama 6)

Jibu. Plagi ya PX ni fupi shingoni, mfano NGK B6HS au B7HS, na nafasi ya ncha zake ni milimita 0.6, inayopimwa kwa fila geji. Usiisome baada ya injini kunguruma imesimama. Endesha kwa kasi kwenye barabara iliyonyooka na salama, kisha zima injini na ubonyeze klachi kwa pamoja, usogee pembeni, ufungue plagi ingali moto.

Rangi ya kahawia, kama ya chai ya maziwa, ni afya. Nyeusi yenye unyevu ni petroli au oili iliyozidi, filta ya hewa iliyoziba, au moto dhaifu. Nyeusi kavu ya masizi mara nyingi ni choki iliyonasa. Nyeupe ni hatari: petroli haba, au hewa inaingia mahali isipotakiwa. Ukiona na vidoti vinavyong'aa kama fedha juu ya ule weupe, hiyo ni aluminiamu ya pistoni inayoyeyuka. Zima, usiendeshe hata hadi nyumbani.

Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hiki katika ufundi wote wa vyombo vya moto. Mtu anayekimbilia kununua kabureta mpya kabla ya kutazama plagi anafanya biashara ya muuza spea.

Swali la 9. Utasafishaje kabureta ya SI 20/20 bila kununua kitu? (alama 5)

Jibu. Funga koki ya mafuta. Ondoa kifuniko cha kulia, kisha mfuniko wa boksi la kabureta, kisha filta. Jeti zote zinafikiwa kutoka juu. Zitoe moja moja na kuzipanga juu ya kitambaa safi kwa mpangilio uliozitoa. Zipulize kwa upepo, uzitazame dhidi ya mwanga: lazima uone duara kamili. Usipitishe waya ndani ya jeti. Shaba ni laini, na tundu likipanuka kwa unywele tu kipimo kimeharibika.

Safisha chujio dogo la mafuta kwenye kiingilio, tazama sindano ya floti. Wakati wa kurudisha, usikaze bolti mbili za kabureta kwa hasira. Zikikazwa kupita kiasi kitako chake kinapinda, hewa inapenya chini yake, na mteja atarudi baada ya siku mbili akisema umemuharibia.

Kurekebisha mwendo wa kusubiri, wanaouita sailensi: pasha injini kwanza, skrubu ya mchanganyiko ndipo igeuzwe. Injini baridi hudanganya.

Swali la 10. Mteja anasema: "Fundi, hii vespa siku hizi inatoa moshi mweupe mzito, na oili ya gia inapungua, lakini chini haidondoki tone." Nini kimeharibika? Linganisha na injini inayokataa kushuka mshindo baada ya kuachia mafuta. (alama 8)

Jibu. Ni hadithi mbili za oili sili mbili, moja kila upande wa krenki, na kila moja ina dalili zake.

Ya upande wa klachi ikichakaa, injini inavuta oili kutoka kwenye gia na kuichoma. Moshi unakuwa mzito, harufu ni ya oili iliyoungua, gia zinabaki kavu polepole. Wakati mwingine mambo huenda kinyume: petroli inasukumwa kuingia kwenye gia. Ndiyo maana mtahiniwa mzuri hufungua bolti ya oili ya gia, huchovya kidole na kunusa. Ukinusa petroli, usitafute zaidi.

Ya upande wa magneti haina oili ya kuvuta, inavuta hewa. Mchanganyiko unakuwa haba. Injini inapanda mshindo yenyewe, ukiachia mafuta inachelewa kushuka, plagi ni nyeupe. Hii ndiyo inayoua pistoni. Kabla ya kuilaumu, hakikisha gasketi ya kabureta haivuji, kwa kuwa dalili zinafanana.

Sasa gharama. Sili zenyewe ni raba ndogo za bei ndogo. Ya upande wa magneti inabadilishwa bila kupasua injini: unatoa magneti kwa pula, chombo chake cha kuvutia, na sahani ya koili, sili iko hapo nyuma. Usiigonge magneti kwa nyundo, utapindisha mhimili wa krenki na kuvunja mapezi ya feni. Weka alama kwa msumari kwenye sahani ya koili kabla ya kuilegeza, ili taimingi irudi palepale. Ya upande wa klachi inadai injini ishushwe na kupasuliwa vipande viwili. Mteja anamlipa fundi zaidi kuliko anavyolipa sili.

Kwa hiyo, injini ikishapasuliwa, badilisha sili zote mbili, tazama beringi, tazama na msalaba wa gia. Malipo ya kushusha injini yanalipwa mara moja tu. Anayebadilisha sili moja na kufunga anamrudisha mteja gereji kabla ya mwaka.

Swali la 11. Gia inaruka na kurudi katikati wakati wa kupanda kilima. Anza na nini? (alama 3)

Jibu. Anza na kebo. Kebo mbili za gia zikilegea, gia haiingii yote. Kaza, endesha tena. Ikiendelea kuruka, na hasa chini ya mzigo, msalaba wa gia umeliwa ncha zake. Huo uko ndani. Rudi kwenye jibu la swali la 10 kuhusu kupasua injini mara moja.

Swali la 12. Pistoni imekamata ukiwa barabarani. Fanya nini kwanza? (alama 1)

Jibu. Bonyeza klachi. Gurudumu la nyuma litakuwa limejifunga.

Swali la 13. Vespa inawaka vizuri lakini haina nguvu, na plagi ni sawa. (alama 4)

Jibu. Fikiria ekzosi. Masizi ya miaka huziba bomba kiasi kwamba injini haiwezi kutoa pumzi. Itoe, uitazame mdomo. Njia ya nafuu ni kuziba upande mmoja, kujaza maji yenye magadi makali ya kuzibulia mabomba, kuiacha usiku kucha, na kuisuuza kwa maji mengi. Vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali. Usichovye hedi, pistoni wala silinda ya aluminiamu katika maji hayo, yanaila aluminiamu. Chuma cha ekzosi kinastahimili.

Fikiria pia breki inayoburuza. Inua gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Nguvu iliyopotea mara nyingine iko pale.

SEHEMU D: MAGURUDUMU, BREKI, UMEME

Swali la 14. Eleza hatari iliyopo katika kutoa tairi la Vespa, na namna ya kuiepuka. (alama 5)

Jibu. Gurudumu la PX ni la inchi 10, tairi lake ni 3.50-10. Rimu ni vipande viwili vya bati vilivyofungwa kwa nati. Gurudumu zima limefungwa kwenye ngoma ya breki kwa nati nyingine. Kwa macho ya haraka zinafanana.

Mtu akilegeza zile za rimu wakati tyubu imejaa upepo, vipande viwili vinafyatuka. Vidole na uso viko karibu. Kwa hiyo sheria ni moja: toa upepo wote kwanza, ng'oa na kile kiini cha valvu, ndipo spana iguse nati yoyote. Hata kama unataka kutoa gurudumu zima tu, toa upepo. Hasara yake ni dakika chache za pampu.

Faida ya rimu hii ni kwamba pancha inazibwa bila kupigana na tairi kwa vyuma, na gurudumu la akiba linaingia mbele na nyuma. Wakati wa kufunga, hakikisha tyubu haikubanwa katikati ya vipande viwili. Jaza upepo kidogo, zungusha, tazama kote, kisha jaza.

Swali la 15. Upepo kiasi gani? (alama 2)

Jibu. Mbele pauni 18. Nyuma pauni 25 kwa mtu mmoja, na 36 akiwepo abiria. Vijana wa pampu wamezoea magari, wasipoambiwa watakujazia pauni 30 kote. Nunua kipimo chako.

Swali la 16. Breki ya nyuma haishiki. Eleza hatua. (alama 4)

Jibu. Kaza kebo kwanza, kwani mara nyingi ndiyo yote. Ikifika mwisho wa uzi, fungua ngoma. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo. Breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji na ukitupe. Ukikuta oili ndani ya ngoma, sili ya mhimili wa nyuma inavuja, na breki shuu mpya zitaloa vilevile ndani ya wiki. Badilisha sili kwanza. Breki shuu zikiwa kavu lakini zimeng'aa kama kioo, zisugue kwa msasa na uzirudishe. Paka grisi kidogo sana kwenye pini.

Swali la 17. Taa hufifia injini ikiwa chini na kung'aa ikipanda. Je, betri imekufa? (alama 3)

Jibu. PX nyingi hazina betri kabisa. Umeme wa taa unatoka moja kwa moja kwenye koili za magneti, na hupanda na kushuka na mshindo. Kufifia kidogo ni kawaida. Balbu zikiungua mara kwa mara, shuku regyuleta. Zikiwa hafifu muda wote, safisha erthi kwanza: mahali waya unapogusa bati hupata kutu, na msasa wa senti chache hurudisha mwanga ambao watu hununulia taa mpya. Balbu za LED zikiwekwa bila kubadili umeme kuwa wa mkondo mmoja, zitapepesa.

SEHEMU E: KUBORESHA

Swali la 18. Piga hesabu ya ujazo wa injini ya PX 150, ambayo kipenyo cha silinda ni milimita 57.8 na mwendo wa pistoni milimita 57. Kisha piga hesabu ya silinda kubwa ya kubadilishia, ya DR, yenye kipenyo cha milimita 63. Ongezeko ni asilimia ngapi? (alama 6)

Jibu. Ujazo = π × nusu kipenyo × nusu kipenyo × mwendo. Geuza kuwa sentimita, na utumie π = 3.142.

Ya asili: 3.142 × 2.89 × 2.89 × 5.7 = sentimita za ujazo 149.6.

Ya DR: 3.142 × 3.15 × 3.15 × 5.7 = sentimita za ujazo 177.7.

Tofauti ni 28.1. Gawanya kwa 149.6, unapata asilimia 18.8.

Angalia kwamba mwendo wa pistoni haukubadilika, krenki ni ileile. Ndiyo maana silinda hii hupendwa: inafungwa bila kupasua injini. Na ndiyo maana pia huleta majuto, maana inawekwa juu ya krenki na sili ambazo hakuna aliyezitazama.

Swali la 19. Taja yanayotakiwa kufanyika kabla na baada ya kufunga silinda ya 177. (alama 6)

Jibu. Kabla: sili mbili ziwe nzima, beringi za krenki zisiwe na mlio, breki zote zishike, tairi ziwe na kashata. Baada: jeti kubwa ya petroli iwekwe, kwani silinda kubwa inavuta hewa zaidi. Anza na jeti kubwa kuliko unavyodhani, soma plagi, kisha shuka hatua kwa hatua. Ukianza na ndogo, pistoni ndiyo itakayokufundisha. Springi za klachi zikiteleza, weka ngumu zaidi. Pistoni na ringi zizoeshwe taratibu, bila kufungua mafuta yote. Mwisho, kadi ya chombo imeandikwa ukubwa wa injini, na ukiubadilisha ukumbushe mteja kuulizia mamlaka na bima.

Maoni yangu, ambayo si sehemu ya jibu: kwa anayezunguka mjini, silinda ya asili iliyochongwa na kupewa pistoni ya ovasaizi inampa karibu kila alichokuwa anakitamani. Alikuwa anafananisha Vespa yake iliyochoka na Vespa mpya, akadhani kinachopungua ni ukubwa.

Swali la 20. Mteja ana shilingi 150,000. Vespa yake inatoa moshi mzito na kula oili ya gia, breki ya nyuma haishiki, tairi la mbele ni kipara, kebo ya klachi imebaki nyuzi. Yeye anataka uweke akiba hiyo kama malipo ya kwanza ya silinda ya 177. Bei za mtahini ni hizi: tairi na tyubu 45,000, breki shuu 12,000, seti ya oili sili 15,000, oili ya gia 5,000, plagi 6,000, kebo 10,000, seti ya gasketi 12,000, ufundi 40,000, silinda ya 177 ni 300,000. Panga matumizi na utoe sababu. (alama 15)

Jibu. Panga kwa hatari, si kwa malalamiko. Tairi, breki shuu na kebo vinaweza kumwangusha leo: 45,000 + 12,000 + 10,000 = 67,000. Hayo hayana mjadala.

Baada ya hapo, moshi na oili ya gia inayopungua ni ushahidi wa sili ya upande wa klachi. Injini inapasuliwa: sili 15,000, gasketi 12,000, oili ya gia 5,000, plagi 6,000, ufundi 40,000. Jumla 78,000.

67,000 + 78,000 = 145,000. Zimebaki 5,000. Hizo zikae mfukoni mwa mteja kwa msalaba wa gia au beringi, iwapo injini ikishafunguliwa itaonesha zinahitajika, na umwambie mapema kwamba huenda hazitatosha.

Wakati injini iko wazi, pima silinda. Uvaaji ukiwa ndani ya kipimo, ifunge kama ilivyo. Ukiwa umezidi, mweleze mteja habari za kuchonga na ovasaizi zinazopanda kwa milimita 0.2, ajipange mwezi ujao.

Kuhusu silinda ya 177: mkatalie kwa heshima. Mwambie, "Bwana, hii sili inavuja. Nikikuwekea silinda kubwa leo, utakuwa umenunua moshi zaidi." Mtahiniwa anayepokea fedha hizo kama malipo ya kwanza hapati alama yoyote katika swali hili, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.